Mdogo wangu anakohoa rumande, na kadi yake ya dawa iko kwangu

Shangazi, salamu nyingi kutoka Busia, upande wetu wa Uganda. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nauza mukene, yaani dagaa, sokoni, nina watoto watatu. Nakuandikia kwa sababu usiku silali, na mchana nikimpimia mteja mukene nasahau nimeshamwaga mikebe mingapi.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, ana miaka 26 na alikuwa anaendesha boda. Wiki kumi na moja zilizopita polisi walimkuta stejini wakasema pikipiki yake iliibwa Tororo. Yeye anasema aliinunua kwa mtu na karatasi anazo, lakini simu ya huyo mtu haipatikani tena. Walimpeleka kortini, akasomewa shtaka la kupokea mali ya wizi, akatupwa rumande. Tangu siku hiyo kesi inatajwa tu. Upelelezi haujakamilika, rudi baada ya wiki mbili. Tunarudi, tunaambiwa hayo hayo.

Sasa jambo ambalo sijamwambia mtu ila mume wangu. Kabla hajakamatwa, mdogo wangu alikohoa mpaka nikamburuta kituo cha afya. Wakampima makohozi, wakakuta TB. Alikuwa anaishi kwangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimsimamia ameze dawa kila asubuhi. Alimeza wiki tano. Kikohozi kilipungua, mashavu yakaanza kurudi, hata akaanza kunitania kuhusu upishi wangu. Halafu ndiyo wakamchukua. Dawa zilibaki juu ya kabati pamoja na kadi yake.

Siku ya kwanza nilipokwenda kumwona, kitu cha kwanza aliniambia: "Dada, humu usitaje TB." Anasema wamejaa mpaka wanalala ubavu, mmoja akitaka kugeuka lazima mstari wote ugeuke. Mtu akijulikana ana kifua, anasukumwa akalale karibu na ndoo ya haja. Mwenzao mmoja yalimkuta hayo. Basi nikanyamaza.

Wiki iliyopita nimemkuta ni mifupa. Shati linaning'inia kama limeanikwa kwenye kamba. Hamalizi sentensi bila kukohoa, na anasema usiku jasho linamlowesha. Alikwenda kwa musawo, yaani mganga, wa gereza mara mbili, akapewa Panadol, mara ya pili akapewa dawa za malaria. Hakusema alikuwa na TB.

Niliporudi nyumbani nikachukua vidonge vilivyobaki, nikavifunga kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, nikavificha katikati ya sabuni na sukari. Askari wa lango akavikuta. Alinifokea mbele ya foleni nzima: "Mama, unataka kutuulia mtu humu?" Akavichukua. Nikiwa natembea kurudi kwenye boda, akanifuata mwanamume asiye na sare. Akasema nikimpa laki moja na nusu, mdogo wangu atafikishwa hospitali wiki hiyo hiyo. Sijui kama ni askari au ni nani. Laki na nusu kwangu ni mtaji.

Mume wangu anasema nisijisumbue, mfungwa hana haki, asubiri kesi iishe. Shangazi, nitoe hizo pesa? Nivunje siri ya mdogo wangu? Na ni kweli kwamba mtu akiwa ndani hana haki ya kutibiwa?

Dada Mtu, Busia

*

Dada Mtu, pesa usitoe. Siri ivunje, tena wiki hii, ila si kwa kila mtu, na nitakuambia ni kwa nani. Na mumeo mwambie Shangazi amesema amekosea.

Kabla ya kustaafu nilikuwa nesi katika wodi ya kifua ya hospitali moja ya serikali huku mashariki. Wafungwa walikuwa wakiletwa kwetu na sare zao za njano, mguu umefungwa pingu kwenye kitanda, askari amekaa pembeni anasinzia. Kuna mmoja sijamsahau. Kwenye karatasi aliyokuja nayo palikuwa na neno moja tu, "kikohozi". Alikuwa ametibiwa malaria mara tatu ndani ya miezi miwili. Nilipomkalisha na kumuuliza taratibu, huku askari amekwenda kununua chai, akaninong'oneza kwamba aliwahi kuanza dawa za TB kijijini na kadi iko chini ya godoro la mke wake. Aliogopa kusema. Yeye alipona. Lakini kabla hajamaliza miezi yake sita, wenzake wanne wa wodi ile ile ya gereza walikuwa wameshaletwa kwetu.

Nakuambia hayo ili uone kadi uliyo nayo juu ya kabati ni kitu gani. Mle ndani ugonjwa usioandikwa mahali haupo. Askari anabadilishwa zamu, musawo anahamishwa, mahakimu wanahama, na mfungwa mwenyewe anahamishwa gereza bila ndugu kujua. Kinachobaki ni karatasi. Kwa hiyo kazi yako kuanzia leo ni kuhakikisha ugonjwa wa mdogo wako unaandikwa: gerezani, kituo cha afya, na kortini.

Nianze na huyo askari wa lango, maana najua umemkasirikia. Kufoka hakukuwa na haja, lakini kukataa alikuwa sahihi. Vidonge ndani ya kaveera, visivyo na jina wala karatasi, vimefichwa kwenye sukari: yeye atajuaje ni dawa gani? Humo ndani vidonge huuzwa na kubadilishwa kwa sigara. Na hata vingemfikia, vingemdhuru. Mtu akikatiza dawa za TB miezi miwili mfululizo au zaidi, haruhusiwi kuendelea pale alipoachia kama mtu aliyesahau kumalizia Panadol. Yeye ana wiki kumi na moja. Wataalamu wanamhesabu kuwa ni mgonjwa aliyepotea. Inatakiwa makohozi yapimwe upya kwa mashine ya GeneXpert, ambayo inaonyesha kama vijidudu vipo na pia kama vimeshaizoea rifampisini, ile dawa kubwa kuliko zote kwenye ule mchanganyiko. Vikiwa vimeizoea, matibabu ni mengine kabisa. Kummezesha mabaki ya juu ya kabati kungevifundisha vijidudu hivyo kupigana.

Tena hata hiyo siri isingefichika. Unakumbuka rangi ya mkojo wake alipokuwa anameza dawa kwako? Rifampisini inaufanya kama juisi ya machungwa. Kwenye ndoo ya watu wote, siku ya pili tu wangejua.

Sasa, ni nani wa kuambiwa. Si katikiro wa wodi, yaani mfungwa anayewasimamia wenzake, ingawa mara nyingi huyo ndiye anayekusanya majina ya wagonjwa asubuhi na ndiye anayeamua nani amezidiwa na nani anakwepa kazi. Wala si wale wa foleni ya lango. Wa kuambiwa ni musawo. Ila usianzie gerezani. Anzia pale kituo cha afya alipoanzishiwa dawa.

Nenda Jumatatu mapema na kadi mkononi, ulizia anayeshika daftari la TB. Mwambie: "Mgonjwa wenu huyu hakutoroka, amewekwa rumande, na ni mgonjwa." Hapo utaona uso wake unabadilika, na si kwa huruma peke yake. Kila mgonjwa aliyeandikishwa kwenye lile daftari lazima siku moja aandikiwe mwisho wake: amepona, amemaliza, amefariki, amepotea. Jina la mdogo wako linamsumbua yule mtu kila anapoandika ripoti. Wewe unamletea aliyepotea. Muombe mambo mawili: barua ya kumhamishia matibabu yake kwenye zahanati ya gereza, na apige simu mwenyewe kwa musawo mwenzake wa gereza au kwa msimamizi wa TB na ukoma wa wilaya. Kila wilaya inaye mtu huyo, na gereza liko ndani ya eneo lake kama vile soko lako lilivyo. Mganga akimpigia mganga, lango linakuwa fupi.

Toa nakala tatu za kadi na barua. Kadi yenyewe usiiache kwa mtu.

Siku ya kwenda gerezani, pale langoni usitamke TB. Sema una karatasi za hospitali za mshtakiwa fulani na unaomba kumwona musawo au OC. OC ndiye mkuu wa gereza, jina hilo kila askari analielewa. Kama gereza hilo lina afisa ustawi, naye ni mlango mzuri. Mkabidhi musawo nakala, andika pembeni tarehe na jina la aliyepokea, na mwombe atie sahihi kwenye nakala inayobaki kwako. Ataguna. Mwache agune, mradi asaini.

Lakini kabla ya hayo yote, mwambie mdogo wako mwenyewe. Asije akasikia kutoka kwa mtu mwingine kwamba dada yake amesema. Mwambie kwamba hofu yake ya ndoo nimeielewa, na si woga wa kijinga. Ila mwambie pia mambo mawili ambayo pengine hajui. La kwanza, akishaanza dawa zinazofaa, uwezo wake wa kuambukiza wengine unashuka sana ndani ya wiki chache za mwanzo. Kwa hiyo kinachowaua wale wenzake ni kikohozi anachokificha sasa hivi. La pili, musawo akishamwandika kuwa ana TB, ana sababu ya kisheria na ya kitabibu ya kuomba alazwe mahali penye hewa au atengwe mpaka atulie. Akiwa mgonjwa wa siri anasubiri kusukumwa. Akiwa mgonjwa wa daftari anawekwa mahali.

Watampima na VVU pia. Kila mwenye TB hupimwa, kwa hiyo msishtuke. Majibu hayo ni yake, usimuulize mbele ya askari, na akikaa kimya usimlazimishe. Jambo moja tu: kama tayari anameza ARV na hakukuambia, lazima amwambie musawo, kwa sababu rifampisini inapunguza nguvu ya dolutegravir, mojawapo ya hizo ARV, na inabidi dozi ya dolutegravir iongezwe mpaka mara mbili kwa siku. Mganga asipojua, dawa moja inaila nyingine.

Akianza kutema damu, au akishindwa kusimama, au pumzi ikimbana hata akiwa amekaa, hapo hakuna kusubiri siku ya kutembelea wala barua. Nenda langoni siku hiyo hiyo, umtake OC, na usiondoke.

Kuhusu laki na nusu. Sikuhubirii, najua watu wanaotoa na najua kwa nini wanatoa. Lakini tazama unanunua nini. Kipimo cha TB ni bure, dawa ni bure, huku uraiani na kule ndani. Yule mtu hana sare na hukumjua jina. Hawezi kusaini karatasi ya kumtoa mfungwa nje. Hiyo inahitaji musawo aandike na OC akubali, pawe na gari, mafuta, na askari wa kumsindikiza. Hapo kwenye gari na mafuta ndipo mambo hukwama kweli, sitakudanganya. Nimeona mgonjwa akisubiri siku nne kwa sababu gari lilikuwa limepeleka watu kortini. Lakini siku nne za kusubiri gari si sawa na wiki kumi na moja za kutojulikana. Laki na nusu yako itumie kwa nauli, nakala, na siku za soko utakazopoteza. Hata hivyo utabakiwa na mtaji. Na yule mtu akikufuata tena, uliza jina lake kwa sauti. Mara nyingi hiyo inatosha.

Nirudi kwa mumeo. Kwanza mdogo wako hajahukumiwa, ni mshtakiwa. Pili, hata angekuwa amehukumiwa maisha, Katiba yetu ya 1995 haikumfungia nje. Ibara ya 23 inasema mtu aliyezuiliwa ndugu zake, wakili wake na daktari wake binafsi waruhusiwe kumfikia kwa kadiri inayofaa, na aruhusiwe kupata matibabu. Tena inaongeza kwamba akitaka daktari wa nje kwa gharama yake mwenyewe, ana haki hiyo. Sheria ya Magereza ya 2006 nayo inasema mfungwa apate huduma za afya zilizopo nchini bila kubaguliwa kwa sababu ni mfungwa. Na zile kanuni za Umoja wa Mataifa za 2015 zilizopewa jina la Mandela, ambaye jela aliijua, zinataka matibabu ya gerezani yawe bure na ya kiwango kile kile cha uraiani.

Mumeo atasema hayo ni ya kwenye makaratasi. Nusu ya maneno yake ni kweli. Magereza yetu yamejengwa kwa watu kama 20,000, na miaka hii ya karibuni yamebeba zaidi ya 70,000, karibu nusu yao wakiwa watu wanaosubiri kesi kama huyo wako. Ile habari ya kulala ubavu na kugeuka pamoja si chumvi ya mdogo wako. TB haihitaji kingine zaidi ya hapo: watu wengi, hewa kidogo, chakula ni posho, yaani ugali, na maharage. Ile sheria ya 2006 ndiyo pia iliyoyaunganisha magereza ya serikali za mitaa na ya taifa, na mengi kati ya yale madogo yalikuja bila zahanati. Mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch lilipochunguza, lilikuta kati ya magereza 223 ni 63 tu yenye huduma yoyote ya afya ndani, na hospitali ya magereza ilikuwa moja, ya Murchison Bay kule Luzira. Tangu hapo vituo vimeongezeka na waganga wameajiriwa, lakini gereza dogo la mpakani bado si Luzira. Mdogo wako angalau ana musawo. Huyo musawo alimpa dawa ya malaria kwa sababu mgonjwa alimwambia nusu ya habari. Simtetei sana: mtu wa miaka 26 anayekonda na kukohoa rumande alipaswa kutemeshwa makohozi hata asiposema neno. Kikohozi cha wiki mbili gerezani ni TB mpaka kipimo kikatae, hivyo ndivyo tulivyofundishwa.

Ukikwama kwa OC, usigombane naye. Mshukuru, kisha peleka malalamiko kwa maandishi, pamoja na nakala zako, kwenye ofisi ya Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda inayohudumia mkoa wenu. Katiba imeipa tume hiyo mamlaka ya kuingia magerezani na kukagua hali ya waliomo, na si lazima uwe na wakili wala ulipe chochote. Uliza pia kama gereza hilo linatembelewa na wasaidizi wa kisheria wa Foundation for Human Rights Initiative. Hao huingia magerezani na vituo vya polisi kusaidia watu wasio na wakili, na wanajua mlango upi unafunguka.

Na sasa jambo ambalo hukuniuliza, nami lilinifanya nisome barua yako mara mbili. Umesema wiki kumi na moja. Hesabu pamoja nami: ni siku 77. Katiba, ibara hiyo hiyo ya 23, inasema mtu aliyeshtakiwa kwa kosa ambalo mahakama za chini zinaweza kulisikiliza, akikaa rumande siku 60 kesi haijaanza kusikilizwa, mahakama itamwachia kwa dhamana kwa masharti yanayofaa. Haikusema inaweza. Imesema atatolewa. Kupokea mali ya wizi si kosa la Mahakama Kuu peke yake, kwa hiyo siku 60 ndizo zinazomhusu. Yale makosa makubwa ambayo Mahakama Kuu pekee husikiliza, kama unyang'anyi wa kutumia silaha, ndiyo yenye siku 180. Na huko mtu akiomba dhamana mapema huwa anatakiwa aonyeshe sababu za pekee, mojawapo ikiwa ni ugonjwa mzito ambao mganga wa gereza amethibitisha hauwezi kutibiwa vizuri akiwa ndani. Mdogo wako hayuko huko. Ninyi mnarudi nyumbani kila baada ya wiki mbili kwa sababu hakuna aliyewaambia kuhesabu.

Angalia kwenye karatasi ya korti shtaka limeandikwaje hasa na tarehe ya kwanza aliyopelekwa rumande. Hesabu kuanzia hapo. Siku ya kesi kutajwa, asimame kabla hakimu hajapanga tarehe nyingine, aseme kwa Kiswahili tu kama Kiingereza kinamtoka vibaya, mkalimani yupo: "Mheshimiwa, nimekaa rumande zaidi ya siku 60 na kesi yangu haijaanza. Naomba dhamana kwa mujibu wa Katiba. Pia mimi ni mgonjwa wa TB, nilikatizwa dawa nilipokamatwa, naomba liandikwe kwenye faili langu na nipelekwe kutibiwa." Maneno mengi hayahitajiki. Hata dhamana ikichelewa, hiyo sentensi ya pili ikishaandikwa na hakimu, gereza litakuwa na swali la kujibu tarehe inayofuata. Kama ataona haya kutaja TB mbele ya watu, ampe karani nakala ya barua ya kituo cha afya na aseme "ugonjwa ulioandikwa kwenye barua hiyo".

Wewe uwe umejiandaa na wadhamini wawili wenye makazi yanayojulikana, kila mmoja na kitambulisho cha taifa na barua ya LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji chake. Mumeo anaweza kuwa mmoja, itamfaa kuliko kusubiri kesi iishe. Hakimu akitaja kiasi cha fedha taslimu, hulipwa benki, unapewa risiti, na kesi ikiisha zinarudi kama hakukimbia. Mtu akikuambia umpe mkononi ili aharakishe, mkumbuke yule wa langoni.

Akitoka, msifurahi mkasahau. Nimepoteza wagonjwa wengi siku ya kutoka kuliko walipokuwa ndani: mtu anafika nyumbani, anachinjiwa kuku, na dawa zimebaki gerezani. Kabla hajavuka lango apewe barua ya kumrudisha kituo chenu na vidonge vya kumfikisha huko. Asubuhi inayofuata mpeleke mwenyewe. Matibabu ya kawaida ni miezi sita, miwili ya dawa nne kisha minne ya dawa mbili, na kwake yanaweza kuanza upya kutoka mwezi wa kwanza, kutegemea kipimo. Asikasirike.

Wakati bado yuko ndani, uliza lango linaruhusu kuingiza nini. Dawa zile juu ya tumbo tupu zinachefua, na watu wengi huziacha kwa sababu ya njaa wala si ukaidi. Wewe unauza mukene; kama wanaruhusu uliosagwa, au unga wa karanga, mpelekee. Ukichanganya kijiko kimoja kwenye uji wa gereza, umeshakuwa chakula.

Nimemaliza ya mdogo wako, ila sijamaliza. Umeandika una watoto watatu, na kwamba mjomba wao alikuwa anaishi kwako akikohoa kabla hajapimwa. Hukusema wana miaka mingapi. Kama yupo mwenye chini ya miaka mitano, huyo ndiye ninayemfikiria sasa kuliko mtu yeyote kwenye barua yako. Watoto wadogo waliolala nyumba moja na mgonjwa wa TB wanatakiwa kuchunguzwa, na wasipokuwa na ugonjwa wapewe dawa ya kinga, bure, kituo kile kile. Pengine walishapimwa mjomba alipoanzishiwa dawa. Kama ni hivyo, angalia kama walimaliza kinga yao. Wewe na mumeo nanyi mpimwe.

Kwa hiyo Jumatatu ukienda na kadi kwa mtu wa daftari, mbebe na yule mtoto wako mdogo mgongoni.

Shangazi